Kidole Gumba Ndani ya Kofia ya Hannah

Bahasha ilikaa kwenye droo ya Vuai, mkuu wa usalama wa hoteli moja ya Doha, siku ishirini na mbili, na siku zote hizo hakuna aliyeifungua. Aliifunga mwenyewe, akaiandikia tarehe, akatia saini juu ya gundi, kama alivyofundishwa zamani alipokuwa askari wa upelelezi kwao Unguja. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu, iliyokutwa katika kabati la Kerubo, msafishaji wa ghorofa ya pili. Kwa karatasi hiyo Kerubo alifukuzwa kazi, na siku ya ishirini na tatu, alasiri, alikuwa apande ndege arudishwe Kenya.

Asubuhi hiyo Vuai aliichana bahasha kwa sababu mwenye hoteli alikuwa ameleta mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Loice, mama wa Kikenya wa makamo, aliyefanya kazi ya kukarabati karatasi za kale hapo hapo Doha. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza ya chumba cha kusomea, akapanga juu yake kioo cha kukuzia, taa ndogo na glavu mbili. Mbele yake, ukutani, zilitundikwa picha kumi na mbili za wanawake wa Welisi, nchi ndogo ya milima iliyoshikana na Uingereza upande wa magharibi. Baba yake Bwana Abdulrahman, mwenye hoteli, alisoma huko ujanani na alirudi nazo. Zilichapwa miaka mia moja na themanini iliyopita. Kila mwanamke alivaa kofia ndefu nyeusi iliyosimama wima na shali mabegani, na chini ya kila mmoja paliandikwa jina lake na kazi yake.

Ya saba ilikuwa ya Hannah, mfuma soksi. Ile iliyokuwa ukutani haikuwa yenyewe. Bwana Abdulrahman ndiye aliyegundua, kwa sababu kofia ilikuwa nyeusi mno.

"Hebu lete kidole," Loice alisema. Alikuwa ameiteremsha ya sita na kuitoa kwenye fremu. "Polepole. Hapo ukingoni."

Vuai akapapasa. Karatasi ilikuwa na bonde jembamba lililoizunguka picha pande zote nne.

"Hiyo ni alama ya bamba. Mchongaji wao, Herbert Treharne, alikuwa anachukua bamba la shaba analichonga kwa chuma chenye ncha, mstari kwa mstari, tena kinyume, kushoto kuwa kulia. Halafu anapaka wino, anaupangusa juu, unabaki ndani ya mifereji. Analikandamiza bamba kwa karatasi iliyoloweshwa. Basi karatasi inabonyea, na wino unabaki umeinuka. Sasa papasa ya saba."

Ya saba ilikuwa laini kama ukurasa wa gazeti.

"Huyu Herbert alikuwa mtu wa namna gani?" Vuai aliuliza. Hakuwa na haja ya kujua. Aliuliza ili asifike haraka kwenye bahasha.

"Msumbufu. Wenzake walikuwa wakichonga mabwana na maaskofu, hapo ndipo palikuwa na sifa. Yeye akaenda kuchonga wafuma soksi, wauza kombe za pwani, mkunga, mpiga kinubi kipofu. Na ona, amewaandika majina. Wengine wangeandika tu 'mwanamke wa Welisi', basi, imeisha."

Vuai aliyasikia maneno hayo kama mtu aliyewahi kuyasikia. Ilimchukua muda kukumbuka wapi. Yalikuwa katika maelezo ya Kerubo, aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa wa pili: "Ilikuwa takataka ya karakana. Niliiokota nikaiweka kwa sababu huyo mama wamemwandika jina. Picha za watu kama sisi huwa haziandikwi jina." Chini yake Vuai alikuwa ameongeza: Maelezo hayaaminiki.

Akaisukuma karatasi ya kwenye bahasha, yenye picha ya Hannah, mbele ya Loice.

Loice aliitazama kwa jicho tupu kwanza, kisha kwa kioo. Aliigeuza nyuma, akainusa, akairudisha mbele.

"Mashine ya ofisini," alisema. "Karatasi ya kujaribia. Rangi imemwelemea aliyechapa, ikatoka bluu, akaitupa. Lakini imetoka kwenye picha ile ile ya simu iliyotengeneza hiyo bandia ya ukutani, ona, zote zina kivuli kile kile kwenye kona. Tofauti ni kofia tu. Kwenye bandia ameipaka weusi mtupu. Kuna kitu alikuwa anakifuta." Akasogeza taa. "Na hapa kwenye ya kujaribia bado hajakifuta. Njoo uone."

Vuai akainama.

Ndani ya weusi wa kofia ya Hannah kulikuwa na mtu. Kioo cha fremu kilikuwa kimemrudisha aliyekuwa akipiga picha. Uso haukuonekana, ulikatwa na ukingo wa kofia. Yalionekana mabega mapana, mikono miwili iliyoshika simu, na kidole gumba kimoja kilichofungwa bendeji nyeupe, kinene, kimejitokeza pembeni ya simu.

"Si mwanamke huyo," Loice alisema. "Tazama hayo mabega. Yule binti mliyemfukuza ana mabega haya?"

"Hana."

"Mnamjua mtu aliyeumia kidole?"

Vuai aliuteremsha mkono wake wa kulia chini ya meza.

"Nitaangalia," akasema, akatoka.

Katika choo cha wafanyakazi alifungia mlango na kukaa juu ya kifuniko. Mwezi wa Ramadhani mlango wa chuma wa stoo ulimbana kidole, na wiki tatu nzima alitembea na bendeji ile, watu wakimtania kwamba sasa hata saini hawezi kutia. Wiki hizo hizo alizipiga picha zote kumi na mbili kwa simu yake ili aziweke kwenye daftari la mali. Kulikuwa na kibao mlangoni kinachokataza kupiga picha kwa simu binafsi. Yeye ndiye aliyekitundika.

Akafungua simu, akarudi nyuma kwa miezi. Hannah alikuwepo, amekaa wima, anamtazama. Akaikuza kofia. Kidole kilikuwepo.

Kisha akatafuta picha ile imekwenda kwa nani. Ilikuwa imekwenda kwa mtu mmoja. Ujumbe wa Ronny, fundi wa fremu na samani, ulisema: "Kaka nitumie ya saba nipime fremu, lifti imekufa na mgongo unauma." Naye alijibu kwa picha na alama ya kicheko.

Vuai akarudi mezani akiwa na jalada la shauri. Hakukaa.

"Kile kidole ni changu," alimwambia Loice.

Loice alivua glavu moja. Alimtazama mkononi, pale ukucha ulipokuwa umeota upande.

"Ulikijua tangu pale ulipoinama."

"Ndiyo."

"Ukatoka."

"Nilitoka. Nimerudi."

"Kwa hiyo wewe ndiye mtuhumiwa."

"Kwa sasa ndiyo, mimi wa kwanza. Ndiyo sababu nakuomba uwe shahidi. Picha nimeipiga mimi na nimemtumia mtu mmoja. Nataka nimuulize mbele yako, nisije nikamuuliza tena kama nilivyomuuliza."

"Ulimuulizaje?"

Vuai akafungua jalada. Kerubo alikuwa ameandika wazi: "Bwana Ronny alinipa mfuko wa takataka wa karakana nikautupe. Karatasi ilikuwa juu." Pembeni, kwa wino wa Vuai, palikuwa na maneno mawili: Ronny anakana. Hapakuwa na saa wala mahali, wala saini ya Ronny.

"Ni nini hiki?" Loice aliuliza.

"Nilimuuliza ndani ya gari lake. Tunaishi jirani, Al Wukair. Alikuwa akinichukua kila siku asubuhi na jioni."

Loice alifunga kioo chake cha kukuzia ndani ya kitambaa, akainuka.

Karakana ilikuwa chini kabisa, karibu na mitambo ya viyoyozi. Ronny, Mganda mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa anapiga mguu wa kiti msasa. Alipomwona Vuai alicheka.

"Afande! Leo umeshuka na wageni?"

"Huyu ni Mama Loice, mtaalamu wa karatasi. Ronny, weka msasa chini. Nina maswali, na haya nayaandika."

Ronny akauweka. Vuai akaandika saa juu ya ukurasa.

"Mwezi wa Ramadhani nilikutumia picha ya saba. Unakumbuka?"

"Picha gani, ssebo?" alisema, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Ya kupima fremu."

"Ah. Hiyo. Nilishaifuta siku nyingi."

"Uliwahi kumtumia mtu mwingine?"

"Hapana. Nimtumie nani picha ya bibi kizee?"

"Simu yako huwa unamwachia mtu?"

"Hata mke wangu haijui namba yake ya siri."

Vuai aliandika majibu yote matatu, akageuza daftari. "Soma. Kama ndivyo ulivyosema, tia saini."

Ronny alisoma, akatia. Ndipo Vuai akatoa karatasi ya kujaribia, akaiweka juu ya meza ya useremala pamoja na simu yake.

"Karatasi hii alikutwa nayo Kerubo. Imetoka kwenye picha hii. Kidole hiki ndani ya kofia ni changu, na picha hii duniani tunayo wawili, mimi na wewe. Umesema hukumpa mtu."

Ronny aliangalia kofia kwa muda mrefu.

"Basi inaweza kuwa wewe," alisema mwisho.

"Inaweza. Nimeshaliandika hilo." Vuai akamwonyesha ukurasa wa nyuma, ambapo jina lake mwenyewe lilikuwa juu ya la Ronny. "Lakini mimi sijui kufungua fremu na kuifunga isionekane. Siku tatu kabla ya Bwana Abdulrahman kugundua, fremu ya saba ilishuka kwako kwa sababu kamba ilikatika. Ilikaa usiku mmoja. Nimeliona leo kwenye daftari. Lilikuwepo siku zote, sikulifungua."

"Kamba zinakatika, Afande."

"Zinakatika." Vuai alikuwa tayari ameanza kutembea. Alipita kwenye makabati, akavuta droo, akainama chini ya meza. Hakuna kitu. Akafungua mrija mkubwa wa karatasi uliosimama pembeni ya mlango, lakini mlikuwa na ramani za mabomba tu. Kisha akasimama mbele ya kioo kikubwa cha kujitazamia kilichoegemezwa ukutani, kimefunikwa shuka.

"Hiki kinasubiri nini?"

"Kimepasuka pembeni. Kinasubiri fremu."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Tangu kabla ya joto."

Vuai alikigeuza. Mbao ya nyuma ilikuwa imejaa vumbi, imefungwa kwa skrubu kumi. Nne za chini zilikuwa na kutu. Sita za juu ziling'aa. Akanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Usitumie hiyo," Ronny alisema kwa sauti ndogo. "Ni ndefu. Utaitoboa."

Mitambo ya viyoyozi ilikuwa ikiunguruma nyuma ya ukuta. Ronny akatoa bisibisi fupi mfukoni mwa ovaroli, akampa Loice, akakaa juu ya ndoo.

Loice ndiye aliyefungua. Kati ya mbao na kioo palikuwa na karatasi mbili nyeupe, na katikati yake Hannah, mfuma soksi, akiwa na sindano zake mapajani. Loice aliipapasa kingo, akawasha taa, akaweka kioo cha kukuzia juu ya kofia.

"Ni yeye," alisema. "Herbert alikosea hapa. Kofia aliichonga fupi, halafu nadhani akaambiwa siyo, au akaona mwenyewe. Unaiona ile mistari iliyofifia? Shaba haifutiki kirahisi. Alikwangua, akaligeuza bamba akaligonga kwa nyuma kwa nyundo, akalisugua, akachonga upya kofia nzima. Mistari ya kwanza bado inachungulia. Hakuna mashine ya ofisini inayoweza hayo."

Vuai akaandika: Imepatikana. Akaandika saa na mahali.

"Ilikuwa iende wapi?" alimuuliza Ronny.

"Kuna mgeni alilala hapa. Alisema akiipata atanipa barua ya kazi kwao, Ulaya, na familia nije nayo. Alisema atarudi mwezi ujao."

"Jina?"

Ronny alilitaja, Vuai akaliandika.

"Na Kerubo?"

"Kerubo sikumpangia. Wallahi, mimi Mkristo lakini nakuapia hivyo hivyo. Nilimpa takataka. Sikujua ameokota." Ronny alifuta mikono kwenye magoti. "Nilipoona umemsimamisha koridoni nilisema leo nimekwisha, msichana atanitaja. Na akanitaja. Jioni ile garini nilikuwa nimejiandaa, Afande. Nilisema ukiniuliza mara mbili, nasema yote. Ukaniuliza mara moja. Nikasema hapana. Ukaanza habari za mpira."

Kalamu ya Vuai ilisimama.

"Hiyo pia uiandike," Loice alisema.

Akaiandika.

Bwana Abdulrahman alizisoma kurasa zote saba akiwa amesimama, kwenye ofisi yake ya juu. Polisi walikuwa njiani kumchukua Ronny. Mwenye hoteli alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole wa maneno, na Vuai alitamani angepiga kelele.

"Kibao kile cha kukataza picha," alisema kwa Kiarabu. "Nani alikitundika?"

"Mimi."

"Na bado wewe mwenyewe ukapiga."

"Ndiyo."

"Ulipoona kidole leo, ungeweza kunyamaza. Mama Loice asingejua."

"Angejua. Alikuwa ameshaniona nauficha mkono."

Bwana Abdulrahman aliziweka kurasa mezani. "Usijipunguzie wala usijiongezee. Jumapili utakabidhi funguo. Tiketi ya yule binti nimeifuta sasa hivi, na kazi yake ipo akiitaka. Barua hii hapa. Nilitaka kumpa mtu wa ofisi aipeleke." Alimnyooshea. "Nimebadili mawazo. Peleka wewe."

Fereej Bin Mahmoud, mtaa alioishi Kerubo, saa ya mchana ilikuwa kimya kwa joto. Vuai alipita bakala, duka dogo la vyakula, na duka la kunyoa nywele, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye fleti ambayo wasichana wanane walichangia. Mlango ulifunguliwa na Edith, mwenzake Kerubo wa chumba. Alipomwona hakumkaribisha. Aliacha mlango wazi, akageuka.

"Kerubo. Ni yule."

Kerubo alikuwa sakafuni, anajaribu kulifunga sanduku kwa goti. Alikuwa amekonda. Hakuinuka.

"Afande," alisema. "Umekuja kuangalia kama nimeiba mashuka ya hoteli? Fungua. Umezoea."

"Sikuja kupekua, dada yangu."

"Mimi si dada yako."

"Kweli." Vuai alibaki mlangoni na viatu mkononi. "Picha imepatikana. Ronny ndiye aliyeichukua. Amekiri mbele ya shahidi, polisi wamemchukua. Karatasi uliyokutwa nayo ilikuwa takataka, kama ulivyosema. Picha iliyotumika kuitengeneza niliipiga mimi, kwa simu yangu, nikamtumia yeye. Barua yako hii hapa, na tiketi ya kesho imefutwa."

Edith alishika mdomo. Kerubo aliendelea kukaa. Aliichukua barua, akaisoma mpaka chini, akaikunja.

"Nilikuambia Ronny," alisema.

"Uliniambia."

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Halafu?"

"Halafu sikufuatilia."

"Kwa nini?"

Njiani Vuai alikuwa ametayarisha jibu lenye taratibu na wingi wa kazi. Lilikuwa tayari mdomoni, na alipoliangalia sanduku lile, akaona hawezi kulitoa.

"Alikuwa akinibeba kwenye gari lake. Na wewe ulikuwa unalia. Nikasema huyu analia kwa sababu ameshikwa."

"Nililia kwa sababu ulinisimamisha koridoni saa ya kubadilisha shifti," Kerubo alisema. "Watu wote wanapita. Ukanitolea nguo zangu za ndani kwa kabati, ukaziweka kwa sakafu, moja moja. Ungenipeleka hata kwa chumba. Kulikuwa na vyumba."

"Vilikuwepo."

"Mtu akapiga picha. Ikaenda kwa grupu ya hoteli, ikatoka huko ikaenda kwa grupu ya kwetu Nyamira. Wiki tatu mamangu hajaenda kanisani. Huyo mama amefagia hiyo kanisa miaka ishirini. Sasa wewe umekuja kuniambia hapa kwa mlango, tuko watatu, unataka niseme nini? Asante?"

"Sitaki useme kitu. Jumapili, saa ya kubadilisha shifti, nitasimama koridoni pale pale niseme. Kabla sijakabidhi funguo."

"Unakabidhi?"

"Ndiyo."

Kerubo alifikiri. Haikuonekana kama habari hiyo imemfurahisha au kumsikitisha. Aliinuka, akachukua simu yake juu ya jokofu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Simu ililia mara nne.

"Mama," alisema, kisha akaongea Kikisii kidogo, haraka. Akamnyooshea Vuai mkono bila kuiachia simu. "Ongea. Anasikia Kiswahili."

Vuai alisogea hatua moja ndani.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka idara ya usalama ya hoteli ya..."

"Sema jina lako," Kerubo alisema.

"Naitwa Vuai. Vuai Makame Haji." Akaisogelea simu. "Mama, mimi ndiye niliyesema Kerubo ni mwizi. Hakuiba. Aliyeiba amepatikana. Kerubo aliniambia ukweli siku ya kwanza, kwa maandishi, na mimi nikamwacha nikamwamini mwingine aliyekuwa rafiki yangu. Kosa ni langu."

Upande wa pili kulikuwa na redio. Ikazimwa. Kikasikika kiti kinasogezwa.

"Rudia," sauti ya mwanamke mzee ilisema. "Dada yangu alikuwa nje, hajasikia."

Vuai akarudia. Maneno yale yale, hakupunguza.

"Ngoja. Mke wa pasta anapita hapa kwa barabara."

Wakangoja. Edith alikuwa amegeukia dirisha. Mlango ukalia kule mbali, watu wakasalimiana, na mzee akasema kitu kwa Kikisii ambamo Vuai alitambua neno "Doha" tu.

"Haya. Sema tena, ueleze na hayo ya nguo."

Kwa mara ya tatu alisema, na safari hii aliyaeleza na ya koridoni: kwamba kulikuwa na vyumba, kwamba nguo alizitandaza yeye, mbele ya watu. Alipomaliza jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, ingawa kiyoyozi kilikuwa kinapiga.

Kerubo aliishika simu ile ile katikati yao, uso umemkauka.

"Kijana," mzee alisema. "Uko na mama?"

"Ninaye. Yuko Makunduchi."

"Anaenda msikitini, anasalimiana na watu?"

"Ndiyo, mama."

"Anajua hii kitu ulifanya?"

Vuai alimtazama Kerubo. Kerubo hakumsaidia.

"Bado," alisema.

"Basi mpigie. Mwambie vile umeniambia mimi. Na hayo ya nguo. Sisi tutangoja, hatukati."

Vuai aliviweka viatu vyake sakafuni. Akatoa simu mfukoni, akatafuta namba ya Makunduchi, akaweka sauti kubwa kama Kerubo alivyofanya. Ililia mara moja. Mara mbili. Kisha mama yake akaipokea kwa furaha, kwa sababu haikuwa siku yake ya kupiga, na akaanza kumuuliza kama amekula.